Kwa Keji wa Kiti cha Mbele

Keji,

Nimerudi. Nina wiki tatu tangu nirudi na leo ndiyo mara ya kwanza ninakaa chini kukuandikia, kwa hiyo anza kwa kunisuta kama kawaida yako, ukimaliza tuendelee. Niko Arua, kwenye kibanda cha mama, nimekalia marobota ya vitenge vilivyofika juzi kutoka Ariwara. Mama ameenda kwa jirani kunywa chai. Ameniachia duka nililinde, nami ninalilinda kwa jicho moja.

Kesho naenda Lurujo kwa mama yako. Sijakanyaga kule tangu siku ya mazishi. Hata arobaini yako sikuwepo. Mama yako hakuniona, hakunisikia, alipata tu ujumbe kwa mdomo wa kocha wetu kwamba Mapendo amesafiri. Mimi, niliyekula ugali wake wa mtama mpaka akawa ananiita mwanawe, nilituma mtu. Naogopa, Keji. Nimeona nianze na wewe kwanza, maana wewe utanisikiliza hadi mwisho. Safari hii huna pa kukimbilia.

Unakumbuka watu wa Ombaci walivyotucheka? Kocha Drani alikuwa amefanya kazi miaka mingi kule Jinja, akiwapitisha watalii kwenye maporomoko. Akarudi nyumbani na kayaki mbili, mitumbwi mirefu ya plastiki ya watu wawili wawili, juu ya lori la mihogo, na wazo kwamba vijana wa Arua watashindana na dunia. Arua, mji usio na ziwa. Mto Enyau wakati wa kiangazi hata bata anauvuka kwa miguu. Basi siku za wiki tulifanya mazoezi nchi kavu, nyuma ya misheni ya pale Ombaci, tumekalia mabenchi ya chuma ambayo kocha alichomelewa na fundi, tukipiga hewa kwa mipini ya mifagio. Watu wakipita na baiskeli kutoka Ayivu, magunia ya mihogo nyuma, walisimama. Mzee mmoja akauliza, "Nyinyi nakwenda wapi na benchi?" Wewe hukuacha hata kupiga makasia. Ukamjibu, "Misri, mzee. Jioni sisi narudi." Mzee aliondoka anacheka mpaka baiskeli ikayumba.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya maji. Lori lilitushusha hadi Nile, na hapo mchezo uliisha. Wavuvi wa kule ndio waliomfundisha kocha, naye akatufundisha sisi: kabla hujaondoka, gonga ubavu wa chombo mara tatu. Kiboko hapendi kushtuliwa. Akisikia mlio ataibuka aone ni nani anapita, na heri aibuke kule mbali kuliko chini ya makalio yako. Kugonga ilikuwa kazi ya mtu wa mbele, na mtu wa mbele ulikuwa wewe. Ko, ko, ko, kwa mpini wa kasia. Kisha, bila kugeuka, uliuliza, "Nyuma iko mutu?"

Nami nilijibu, "Iko."

Ndipo kasia lako lilipoingia majini upande wa kulia, na langu likafuata. Ulikuwa ukigonga hata kule Ombaci kwenye benchi kavu, mpaka watoto wa pale wakawa wanatuita viboko. Miaka miwili, Keji, sikuwahi kuanza bila kusikia mara tatu na lile swali. Hata mara moja.

Mtu wa nyuma haoni aendako. Huona mgongo. Mimi wako niliusoma kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha shule. Niliijua namna ulivyofunga kitambaa chako cha kijani, fundo dogo gumu juu ya shingo. Nililijua kovu lililo chini ya sikio la kushoto, ambalo kila siku ulilisimulia tofauti: mara lilikuwa la mbuzi, mara la waya wa seng'enge. Bega lako la kulia lilikuwa likipanda kidogo ukianza kuchoka, na mimi nilijua umechoka kabla hujajua mwenyewe, nikawa naongeza nguvu kimya kimya. Hukuwahi kunishukuru kwa hilo. Labda hukujua. Sasa ujue.

Tabia hiyo imenibakia. Sokoni nawatambua watu kwa nyuma kabla hawajageuka. Na mara mbili tangu ulipoondoka nimemfuata msichana mwenye kitambaa cha kijani, mara ya pili hadi kwenye mlango wa msikiti. Aligeuka, akanitazama kama mwizi. Nikamsalimia tu.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa.

Barua ya mwaliko wa Ujerumani ilipofika, mashindano ya vijana, kocha aliisoma mara tatu pale Ombaci. Wavulana wawili wa Ayivu na sisi wawili. "Keji mbele, Mapendo nyuma, kama siku zote," akasema. Watu wote wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kisha akaja yule kijana mwenye kamera akatupiga picha tukiwa ndani ya mtumbwi, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale misheni. Wewe ulionekana mzima, meno yote nje. Mimi nilionekana paji la uso na ncha ya kasia. Nilimpeleka mama akaione. Aliitazama kwa muda, akauliza, "Na wewe iko wapi?"

Swali dogo hilo. Lilinikaa kooni siku nne kama mwiba wa samaki. Jumamosi, tulipotoka majini, ulikuwa unaosha tope miguuni na unaimba ule wimbo wako usio na maneno. Nikakuambia, "Mimi nimechoka kuangalia mgongo yako." Hivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu cha sokoni, ili kikuume vizuri. Nikaongeza mengine. Kwamba nguvu ni zangu na sifa ni zako. Kwamba mtu yeyote anaweza kugonga plastiki mara tatu.

Hukukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Ulikamua kitambaa chako, ukakifunga tena, ukasema, "Mbele hapana kitu, Mapendo. Iko maji tu."

Nikakujibu, "Basi nipe hayo maji."

Kwenye lori kila mtu alikaa upande wake. Shule zilikuwa zimefungwa. Jumatatu asubuhi nilikuona steji ya bodaboda karibu na soko, unaondoka kwenda Lurujo kumsaidia mama yako kupalilia karanga. Ulikuwa na mfuko wa sukari na ndala mpya. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Ningeita ungesikia, barabara yenyewe si pana. Nikajisemea, aende, akirudi ataanza yeye. Ukapanda boda, ukashika mfuko wako mapajani, na nilichokiona mara ya mwisho ni kile nilichosema nimechoka kukiona.

Ijumaa shangazi yako alipiga simu kwamba una malaria kali na umepelekwa kituo cha afya. Sikuja. Nilisema moyoni, malaria, nani hajaugua malaria? Nilijua pia kwamba nikija nitalazimika kuomba radhi mbele ya watu. Jumamosi alfajiri simu ililia tena.

Nyinyi Waislamu hamchelewi kuzika. Kocha alinipakia kwenye pikipiki yake, tukatoka Arua mbio, na njiani gurudumu likapasuka. Tulipofika Lurujo wanaume walikuwa wameshatoka makaburini, wananawa mikono. Udongo ulikuwa kwenye kanzu zao. Wanawake walikuwa wamekaa ndani na mama yako katikati, nikaingia, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Sikuuona uso wako. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini yangu hayakungoja kuzeeka. Yalikuwa pale mlangoni yananisubiri.

Nilikipata kiti cha mbele, Keji. Hicho ndicho kilichobadilika. Wiki mbili baadaye kocha alimleta Letiru. Humjui. Ni binti wa Ayivu, umri wake miaka kumi na mitano, mabega mapana, maneno machache, anaogopa maji na haogopi kazi. Kwa kuwa yeye ni mgeni, kocha alisema mimi nikae mbele. Nilikaa. Lakini nilikataa kugonga. Nilimwambia kocha kugonga ni kwa Keji. Hakubishana nami. Kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe alisimama kando ya maji na kugonga dumu tupu kwa fimbo, mara tatu, nasi tukaondoka. Lile swali hakuna aliyeliuliza. Letiru hakujua hata kama liliwahi kuwepo.

Tarehe za safari zilipotoka, nilihesabu kwa vidole. Tungeondoka siku mbili kabla ya arobaini yako. Ningeweza kwenda Lurujo kumweleza mama yako. Nafasi ilikuwepo, boda zilikuwepo. Nilishindwa kufikiria ningemwambia nini: Mama, naenda kukalia kiti cha mwanao, kile nilichokuwa nakililia? Nikamtuma kocha.

Nikueleze Ujerumani, maana wewe ndiye uliyeitamani. Uwanja wa ndege mbwa wao alinusa begi la Letiru akakataa kuondoka. Alikuwa amefungasha samaki wakavu na muhogo wa kuchoma kwa safari nzima. Maji ya ziwa lao hayana harufu. Hakuna anayefua, hakuna ng'ombe anayekunywa, hakuna mafunjo. Kuna maboya yamepangwa kwa mistari na bata wakubwa weupe wenye kiburi. Ni baridi hivi kwamba kasia likikurushia tone shingoni unaita mama. Jua linakataa kuzama, na chakula cha jioni ni mkate baridi.

Siku ya kwanza kwenye chumba cha chakula nilimuuliza mama aliyekuwa anapakua, kwa Kiingereza changu, kama nyama ile ni ya nguruwe. Akasema ndiyo. Nikamshukuru, nikairudisha sahani, nikapanga foleni nyingine. Nilikuwa nimeshafika mezani ndipo nikakumbuka kwamba mimi nakula nguruwe. Ni kwa ajili yako nilikuwa nauliza, siku zote. Siku ya pili niliuliza tena. Siku ya tatu pia. Sikutaka kuacha.

Na kuna jambo jingine. Tulipofika kujiandikisha, mwanamke wa mezani alimpa kocha bahasha yenye kadi zetu za kuvaa shingoni. Majina yalikuwa yametumwa mapema, kabla. Kadi yako ilikuwemo. Picha yako ya pasipoti, jina lako, na Uganda kwa herufi kubwa. Yule mwanamke aliishika akawa anatutazama mmoja mmoja, anatafuta uso wa kuupa. Kocha akasema kwamba huyu hakuja. Akaniwekea kadi kiganjani. Chumba kile kilikuwa na vijana wa mataifa mengi, wanacheka kwa lugha zao, wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa mtumbwi. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, Keji, na Letiru alikuwa amesimama pembeni yangu ameshika mkono wa sweta langu.

Sasa siku ya mashindano. Wenzetu huanza hivi: kuna daraja linaloelea, na juu yake vijana wamelala kifudifudi, kila mmoja ameshika mkia wa mtumbwi mmoja ili yote iwe sawa. Honi ikilia wanaachia. Kocha alikuwa ameniambia mara nyingi, "Huku hapana kiboko. Wewe nasikia honi, wewe nakwenda." Nikaitikia kila mara.

Tulikuwa mstari wa mwisho kabisa, pembeni. Kukawa kimya. Honi ikalia.

Wote wakaondoka. Maji yakachemka kulia kwangu, nikaona migongo yao yote inakwenda. Mimi sikuondoka. Sikuganda kwa woga, usidhani. Nilikuwa nasubiri. Mikono yangu ilikuwa tayari, kasia limeinuliwa, na mwili wangu wote ulikuwa umetega sikio kungoja mara tatu kutoka mbele. Niliangalia mbele kutafuta fundo la kitambaa. Palikuwa na ncha ya mtumbwi, na baada ya ncha, maji. Maji matupu hadi mwisho wa ziwa. Miaka miwili sikuwahi kuona kitu kama kile. Ulisema kweli.

Kijana aliyekuwa ameshika mkia wetu alikuwa ameshauachia zamani. Akawa anatupungia mikono twende, kama mtu anayefukuza kuku kwenye nafaka. Mimi bado. Ndipo nikasikia sauti ndogo nyuma yangu, sauti ya mtoto wa watu aliyetoka Ayivu akaletwa mpaka huko na kuambiwa amfuate mtu wa mbele.

"Dada. Bado kugonga."

Naye alikuwa anasubiri. Sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba kuna mtu anautazama mgongo wangu.

Nikageuza kasia nikagonga. Ko, ko, ko. Mtumbwi wao ule mweupe, wa kuazima, mgumu, mlio wake si kama wetu. Nikafungua kinywa niulize lile swali lako, halikutoka. Nikatia kasia upande wa kulia, na lake likafuata papo hapo.

Tulikuwa wa mwisho, Keji. Si wa mwisho kidogo. Wenzetu walikuwa wameshatoka majini wanajifuta kwa taulo sisi tukiwa bado njiani. Watu walitupigia makofi, yale makofi ya huruma, nikatamani waache. Mzee mmoja mwamuzi alikuja kuuliza kama mtumbwi umeharibika, mbona tuliugonga. Kocha akamweleza habari za kiboko. Mzee akaligeukia ziwa lake safi, akalitazama kwa makini, akauliza kwa adabu kama tumemwona. Wavulana wetu walicheka hadi kulala kwenye majani. Kocha alisema tu, "Nyinyi namaliza. Basi." Kisha akatupa mgongo akaenda kusimama karibu na miti, nikaona mabega yake yanatikisika. Kwa nyuma mimi sidanganywi.

Mama amerudi. Anauliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia hesabu ya vitenge.

*

Nimeacha barua hii siku nne. Naendelea.

Nilikwenda. Kutoka Koboko mjini boda ilinishusha kwenye ule mwembe wenu uliopigwa radi, nikatembea kipande kilichobaki ili nipange maneno. Nilipanga vizuri sana. Nilipofika nyumbani hapakuwa na mtu ila kuku. Mama yako alikuwa shambani anavuna karanga, zile ulizozipalilia wewe.

Aliniona, akasimama. Hakulia. Alinitazama miguuni, akasema, "Wewe nafika. Vua viatu." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mama yako mimi hakunipa hata dakika mbili. Yeye alitangulia na jembe, anatikisa udongo, na mimi nikafuata nyuma yake nang'oa mashina, nakung'uta, naweka mafungu. Yale maneno yangu yote niliyopanga nikabaki nayo mdomoni.

Keji, kwa nini hukuniambia? Ni mgongo wako. Ameinama na mtandio wake ameufunga kwa nyuma, fundo lile lile, dogo, gumu. Bega la kulia likianza kuchoka linapanda. Nilikuwa nang'oa karanga na machozi yanadondokea mchangani, na nilimshukuru Mungu kwamba mtu wa mbele haoni nyuma. Nikabaki nyuma. Nikashindwa kusogea. Mstari wake uliendelea, wangu ukasimama.

Bila kugeuka, bila kuacha jembe, mama yako akauliza, "Nyuma iko mutu?"

Nilikaa chini pale pale kwenye tuta.

Kumbe ni lake. Baadaye alinieleza kwamba ndivyo alivyowaita tangu mko wadogo, kwa Kikakwa, kwenye mistari ya shamba, ili ajue hakuna mtoto aliyebaki nyuma kwenye majani. Wewe ulilibeba tu ukalipeleka kwenye maji. Nami nilidhani ulikuwa unakagua kama niko tayari, kama mkubwa anavyomkagua mdogo. Ulikuwa unahakikisha sijaachwa.

Nilimjibu. Sauti ilitoka mbaya, lakini ilitoka. "Iko, mama."

Akaja, akakaa kwenye udongo pembeni yangu, na nikamwambia yote. Picha, maneno niliyokuambia, ile steji ya boda na barabara isiyo pana, simu ya Ijumaa, arobaini. Alisikiliza huku anamenya karanga mbichi na kuniwekea kiganjani, moja moja. Nilipomaliza alisema, "Keji aliambia mimi. Siku ile nalima. Alisema, mutu yangu ya nyuma nakasirika, kichwa yake nguvu."

Nikamuuliza, hakusema zaidi? Akasema, hapana, kisha mvua ilinyesha wakakimbia ndani, na jioni homa ikaanza.

Basi. Sijui kama ulikuwa umenisamehe. Mama yako hakusema umenisamehe, na mimi sikumwomba aseme, maana angesema kwa huruma. Nimebaki na hayo tu: mutu yangu. Nilikuwa nimekukosea, wewe unalima, na bado nilikuwa wako. Nayatafuna hayo mchana na usiku, na kuna saa yananitosha na kuna saa hayatoshi.

Nilimpa kadi yako. Hana picha yako nyingine ya ukubwani, nilikuwa sijui. Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akauliza herufi zile kubwa zinasema nini. Nikamwambia zinasema Uganda. Akaivaa. Aliivaa hivyo hivyo shingoni, juu ya nguo ya shamba, akarudi kwenye jembe lake, na tukamaliza tuta lile na jingine.

Kaburi lako limeota majani membamba. Binamu zako wamelizungushia miiba mbuzi wasiingie, wale wale wa kovu lako, kama lilikuwa la mbuzi kweli. Nilisimama hapo mchana, jua kali, hakuna mtu. Nilidhani ningesema mengi. Nilisema tu kwamba tulikuwa wa mwisho. Nikangoja unicheke.

Bila wewe maji ni mapana mno, Keji. Mbele ni mahali pa upweke, na ulikaa pale miaka miwili ukiimba, bila kulalamika hata siku moja, na mimi nikakuonea wivu. Nisamehe. Nimeliandika sasa, lisomeke.

Barua hii nitampa mama yako aiweke pamoja na kadi. Hajui kusoma, na amesema hataki kusomewa, ni yako. Lala salama, rafiki yangu, mwana wa Lurujo, msafiri wa Misri. Mungu akupe kivuli kizuri.

Ahadi yangu ni moja. Keshokutwa Jumamosi lori linashuka Nile. Nimemwambia kocha aliache dumu lake nyumbani. Nitakaa mbele. Nitagonga mara tatu, kisha nitamuuliza Letiru lile swali, kila siku tutakayoondoka, mpaka siku atakayokaa mbele yeye na kumuuliza mwingine. Nimeshamfundisha cha kujibu.

Na wewe uliyetutangulia, ukitusikia huko, usigeuke. Endelea na wimbo wako.

Nyuma iko mutu.

Mapendo